Watoto wa Uji

Siku hizi mtoto akinyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, namwambia nenda kabla hajamaliza kusema. Walimu wenzangu wananicheka. Wanasema nimelegea, eti darasa langu limekuwa soko, watoto wanaingia na kutoka wapendavyo. Waseme. Hakuna aliyekuwa mkali kunizidi pale shuleni, na leo hii yupo mtoto kule ziwani, mbele ya Usagara, mkono wake wa kulia umekufa na ulimi wake umekufa, kwa sababu yangu. Watu wema wamenishauri niseme "ilitokea". Haikutokea. Niliifanya.

Shule yetu ni ya kanisa, imejengwa juu ya mawe kati ya Buhongwa na Mkolani. Nimekaa pale muda mrefu, kiasi kwamba baadhi ya wazazi wanaoniletea watoto niliwafundisha wao wenyewe kutoa na kujumlisha. Hesabu nafundisha kwa sababu niliisomea. Kipindi cha dini cha darasa la saba nilipewa kwa sababu mwalimu mkuu alisema, "Wewe una mdomo." Na kweli mdomo ninao. Ninao mdomo na hasira za karibu, na vyote viwili nilidhani namtumikia Mungu navyo.

Somo langu kubwa lilikuwa uvumilivu. Watoto wa huku wanauhitaji, asikudanganye mtu. Wapo wanaofika shuleni wameshachota maji mara mbili na kufungulia ng'ombe. Wapo waliolala bila kula. Nilipowaambia wavumilie sikuwaletea kitu kigeni, niliwaambia tu kwamba hicho wanachokifanya kila siku kina jina, na Mungu anakiona. Jumatatu naandika mstari wa wiki ubaoni, wanaukariri. Ijumaa mmoja mmoja anasimama mbele kutoa ushuhuda: wiki hii nilivumilia nini. Mmoja alivumilia matusi ya shangazi yake. Mwingine alivumilia jino siku nne bila kulia. Yule wa jino tulimpigia makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapaa, na katika watu wote waliokuwa mle ndani, mimi nikiwemo, hakuna aliyeuliza kama amepelekwa zahanati.

Halafu kulikuwa na mfungo. Kila mwaka, wiki moja kabla ya mtihani wa kumaliza darasa la saba, tunafunga siku tatu. Mfungo mkavu: hakuna chakula, hakuna maji, kuanzia kengele ya asubuhi mpaka kengele ya saa kumi na mbili jioni. Kengele yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na siku za mfungo anayeigonga ni mimi peke yangu. Nagonga, naomba sala ya kufungulia, ndipo mtu anaonja kitu. Siku ya tatu sala ni ndefu, maana ndiyo inayomaliza mfungo wenyewe. Niliwaambia kila mwaka: asiyefika kwenye sala ile mfungo wake haujakwisha, bado uko shingoni mwake. Nilikuwa napenda kusema maneno mazito. Watoto wanakutazama, macho yamewatoka, nawe unajiona mtumishi.

Hatukumlazimisha mtu. Tuliandika hivyo kwenye barua kwa wazazi. Asiyeweza kufunga alikwenda kukaa na darasa la kwanza na kunywa uji pamoja nao saa nne. Lakini mwaka mmoja, kwa mdomo wangu huu, nilipoona wakubwa wanne wamejibanza kwenye vidawati vya wadogo, vikombe mkononi, nilisema kwa sauti, "Haya, watoto wa uji, wasalimieni wenzenu!" Shule nzima ikacheka. Nami nilicheka, tena sana. Jina likabaki. Sikulirudia tena, wala sikuwa na haja, maana watoto walirithishana mwaka hadi mwaka. Mwaka ule wakubwa walikuwa wanne. Uliofuata walikuwa wawili. Baada ya hapo, hakuna. Nikasimama mbele ya kikao cha walimu nikasema imani ya watoto wetu inakua.

Yule mtoto wa ziwani, msichana, aliletwa kwetu akiingia darasa la saba. Mama yake anauza dagaa pale Buhongwa, mwanamke mdogo kuliko mimi, asili yao Ukerewe. Alinisubiri mlangoni mwa ofisi mpaka nikamaliza chai. "Shikamoo mwarimu," akasema. Nikaitika marahaba. Akanionyesha kadi ya kliniki.

"Mwanangu ana sikoseli, mwarimu. Siombi apendelewe, hata viboko akikosea mpeni. Naomba maji tu. Anywe kila mara. Akikaa bila maji damu inakwama, mifupa inamuuma, anaweza kunifia hivi hivi."

Alitoa kwenye mfuko wa plastiki chupa ya bluu, ile ya kuning'iniza begani, akaiweka mezani kwangu. Nikamshika mkono. "Ondoa shaka, mama. Mtoto wako ni mtoto wangu." Nilisema hivyo bila kuulizwa, na nilimaanisha kila neno. Kama ningekuwa sijui, leo ningelala.

Mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba, weupe wa macho umeingia unjano kidogo, na mtundu wa maneno. Nikikosea hesabu ubaoni alikuwa anakohoa mara mbili, kikohozi cha uongo, basi. Najua kuna kosa. Siku nikimkaripia anasema, "Samahani mwalimu, ni vumbi la chaki." Wenzake walimpa jina la Chupa kwa sababu alikuwa peke yake mwenye ruhusa ya kunywa maji darasani. Ijumaa moja zamu yake ya ushuhuda ikafika. Akasimama, akasema, "Wiki hii nimevumilia kuitwa Chupa. Ila nawaambia, chupa ina maji na nyie mna kiu." Tulicheka, jamani. Nilimpenda. Naandika hivi ili ieleweke kwamba sikumfanyia ubaya kwa kumchukia.

Mfungo ulipofika, mwezi wa tisa, jua la Mwanza likiwa limekausha mpaka majani kati ya mawe, asubuhi ya siku ya kwanza nilimwita. "Wewe nenda darasa la kwanza." Alinitazama kama nimemtukana. Akaenda. Saa nne na nusu nikamkuta mlangoni kwangu, kope zimelowa, chupa ameikumbatia. Hakuwa ameionja. Wenzake walikuwa wamemwimbia kupitia dirishani: mtoto wa uji, mtoto wa uji.

"Mwalimu, mimi si mtoto wa uji."

"Hujakatazwa na mama yako?"

"Mama ameruhusu."

Ilikuwa uongo, na nilijua ni uongo. Mwalimu aliyekaa na watoto umri wake wote anajua. Barua ya mzazi niliikuta baadaye katikati ya daftari lake la sayansi, imekunjwa mara nne, haikuwahi kufika nyumbani.

"Nataka nifaulu kama wenzangu wanavyofaulu," akasema. "Wote wafunge, mimi nikanywe uji na watoto, halafu Mungu anisikilize?"

Hapo ndipo ningemjibu. Mtu mwenye akili timamu angekuwa na majibu kumi. Mimi nilifanya nini? Nilijisikia vizuri. Nilimtazama mtoto yule nikaona mafundisho yangu yamesimama mbele yangu kwa miguu miwili. Na kingine, nikiri chote: niliifikiria Ijumaa. Nilifikiria ushuhuda atakaoutoa, yeye wa kliniki, amefunga siku tatu, na mchungaji akiwa amealikwa. Akaninyooshea chupa. "Nitunzie, mwalimu, nisije nikajaribiwa." Nikaipokea, nikaiweka kwenye kabati la darasa, nikafunga kwa ufunguo. Nikamwambia, "Hongera, mwanangu."

Jioni ya siku ya kwanza, baada ya kengele, aliinywa yote bila kupumua, akanichekea na masharubu ya maji. Nikajiambia, unaona? Siku ya pili midomo ilimpauka, na alikuwa anahamahama kufuata kivuli cha ukuta. Nilimuuliza, "Vipi?" Akasema, "Naendelea, mwalimu." Jioni akanywa chupa mbili. Asubuhi ya siku ya tatu aliniletea tena chupa, imejaa, akaiweka mkononi mwangu bila kusema kitu, na nikaifungia tena. Mara tatu. Hata kwa hesabu zangu, mara tatu si bahati mbaya.

Siku hiyo tuliimba na kuomba tangu mchana. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Kwenye saa kumi nilimwona anasugua paja, polepole, chini ya dawati, asionekane. Niliinama.

"Unaumwa?"

"Kidogo."

Mtoto wa sikoseli akikwambia kidogo, mpeleke hospitali mbio. Hayo nimejifunza siku hizi, nimeyasoma yote, nayajua kuliko manesi. Siku ile nilimwekea mkono begani nikamwambia, "Vumilia, mwanangu, zimebaki saa mbili tu. Mvumilivu hula mbivu." Akaitikia kwa kichwa. Akatabasamu hata. Wahenga hao hao walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, ila hiyo sikuwahi kuwafundisha. Miaka yote ile sikuwafundisha hata siku moja.

Ilibaki nusu saa kengele ilie. Hakuanguka kwa kishindo. Alimwegemea mwenzake, yule mwenzake akadhani amelala, akamsukuma na kiwiko. Mkono wa kulia ukaning'inia. Mdomo ukavutwa upande. Alinitazama na alikuwa ananiona, najua aliniona, lakini alipotaka kusema ikatoka sauti tu. Nilikimbilia kabatini, ufunguo ukagoma mikononi mwangu, watoto wakapiga kelele. Nilipomtilia maji mdomoni yalitoka yote pembeni, yakalowesha sare. Tulimpakia kwenye bajaji mpaka hospitali kubwa ya mjini. Huku nyuma mwalimu mkuu aligonga kengele na kuwaombea wengine sala ya kufungulia, wakanywa, wakaenda kwao.

Daktari alisema ni kiharusi. Nilikuwa sijui kama mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kupata kiharusi. Mama yake alifika na harufu ya dagaa mwilini, kanga imefungwa ovyo, na kabla sijafungua kinywa mwalimu mkuu, aliyekuwa ametufuata, akamwambia, "Mama, pole. Alizidiwa kwenye maombi."

"Alikuwa anaomba?"

"Alikuwa anaomba."

Mama akakaa chini kwenye sakafu. Akalishika hilo neno kama mtu aliyeshikilia ukingo wa mtumbwi. "Basi hakuwa peke yake," akasema. Akarudia kwa nesi, akarudia kwa ndugu waliokuja: alianguka akiomba. Wakati wa kutoka mwalimu mkuu alinivuta pembeni. "Si uongo," akasema. "Tumwachie Mungu." Mimi mwenye mdomo, nikanyamaza miezi mitano.

Mtihani ulifanyika, dawati lake likiwa tupu. Matokeo yalikuja, tulifaulisha kuliko mwaka uliotangulia, na mwalimu mkuu akasimama mbele ya wazazi akasema mfungo umejibu. Walipiga makofi. Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya vyoo mpaka wakatawanyika.

Naomba, ndiyo, nimejaribu kuomba. Napiga magoti, halafu najikuta sina la kusema. Nimwambie nani avumilie? Mtu anaweza kupoteza imani kwa kupigwa na dunia, akaandikiwa barua za faraja. Mimi yangu niliitumia kumvunja mtoto wa mwenzangu, na ninachokiona kila nikifumba macho ni mkono wangu unazungusha ule ufunguo. Chupa ya bluu mtu aliirudisha kabatini, ikabaki humo. Sikuweza kuitupa, sikuweza kuigusa. Majuto ni mjukuu, wanasema. Uongo. Mjukuu anakuja baada ya miaka. Haya yalifika kabla hata bajaji haijafika.

Niliambiwa mama ameacha biashara Buhongwa, amehamishia mtoto ufukweni mbele ya Usagara, kwa kaka yake anayevua, ili apate mtu wa kusaidiana naye. Mwezi wa pili, Jumamosi, nikachukua chupa, nikaijaza maji, nikapanda gari linalokwenda darajani, nikashuka karibu na kivuko cha zamani nikauliza njia. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nitasema. Njiani nikabadilisha mawazo mara nne.

Nyumba iko karibu na maji kabisa, dagaa zimeanikwa kwenye nyavu mpaka mlangoni. Ilikuwa saa nane mchana. Mtoto alikuwa amekaa kivulini, mgongo ukutani, mkono wa kulia umelazwa mapajani. Amekonda nusu ya alivyokuwa. Aliponiona hakutabasamu, wala hakukasirika, alinitazama tu, moja kwa moja, kwa namna ya mtu aliyekuwa ananisubiri na nimechelewa.

Mama alinipokea kama malaika. "Karibu mwarimu, karibu! Ona, mwarimu wako amekuja!" Akaleta kigoda, akafuta kwa kanga. Halafu, kwa sababu mtu akipata wa kumwambia shida zake anazimwaga zote, akaanza.

"Ananitesa huyu. Maji. Wewe unajua alivyokuwa na maji. Sasa mchana hagusi. Nimbembeleze, nimgombeze, anafunga mdomo, anageuza uso. Jua likizama tu, anakunywa kikombe juu ya kikombe mpaka naogopa. Tumerazwa mara mbili tangu Krismasi kwa ajiri hiyo. Daktari anasema ni kichwa, kiharusi kimevuruga. Anasema tukiendelea hivi, mwarimu, mwaka hauishi. Hebu mwambie wewe, wewe anakusikia."

Kichwa cha mtoto yule hakikuvurugika hata kidogo. Alikuwa bado amefunga. Kengele ya siku ya tatu hakuisikia, sala hakufika, na mimi ndiye niliyesema kwamba asiyefika mfungo wake uko shingoni. Miezi mitano, kila siku, kutoka asubuhi mpaka jua kuzama, na ziwa zima liko hatua thelathini mbele yake.

Nitasema ukweli mpaka mwisho: nilitamani mama yake aondoke kidogo. Akageuze dagaa, akaite mtu, chochote. Ningemnong'oneza mtoto, angekunywa, ningepanda gari nikarudi, na mama angebaki na lile neno lake la kushikilia. Nilisubiri. Mama hakuondoka. Alikaa chini pembeni ya mwanawe, ananitazama kwa matumaini, na mtoto ananitazama, midomo imepasuka.

Nikasimama. Niliokota sufuria lililokuwa limefunikwa mlangoni, pamoja na mwiko wake, nikaligonga. Mara tatu, vile ninavyogonga. Mama akacheka kidogo, akadhani ni mchezo wa kumchangamsha mtoto. Nikaomba ile sala ya siku ya tatu, yote, na kila sentensi iliniungua. Nikamaliza. Nikatoa ile chupa ya bluu kwenye mkoba, nikafungua kizibo, nikampa mkono wa kushoto.

"Mfungo umekwisha, mwanangu. Kunywa."

Akanywa. Saa nane ya mchana, jua liko juu, alikunywa mpaka chupa ikalia kwa utupu, maji yanamchuruzika upande wa mdomo uliokufa, na machozi pamoja nayo. Mama alipiga kigelegele cha nusu. Halafu akakikata. Akaitazama chupa, aliyoinunua mwenyewe na hakuiona tangu mwezi wa tisa.

"Mfungo gani, mwarimu?"

Nilimwambia. Nilianza na uji, nikamaliza na ufunguo. Hakupiga kelele, wala hakunitukana, na nilitamani afanye vyote viwili. Mwisho aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mwanangu alikuomba maji, ukamnyima?"

Kama ningeweza kusema ndiyo, ingekuwa nafuu kwetu wote watatu.

"Hapana," nikasema. "Hakuomba hata mara moja."